Bega linauma: niuze kamera zangu zote ninunue nyepesi?

Shikamoo Mzee Lenzi,

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Tanga, mwaka wa 16 huu. Nina umri wa miaka 44 na watoto watatu. Sehemu kubwa ya kazi yangu iko upande wa wanawake: singo, kupamba, kesha la akina mama, shughuli ambazo mwanamume hakanyagi na wenyewe hukusanya simu za wageni mlangoni. Mimi naingia na kamera kwa sababu wananijua, na hakuna picha ya binti wa mtu iliyowahi kutoka mikononi mwangu kwenda isikotakiwa. Hiyo ndiyo mali yangu kuliko hata vifaa. Siku nyingine napiga akdi, Jumapili kanisani, jioni ukumbini mpaka saa sita za usiku.

Vifaa vyangu ni hivi. Nina Nikon D750 mbili. Moja niliinunua mpya mwaka 2015 kwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama, nyingine ni ya mtumba. Lenzi ni 24-70 f/2.8G, 70-200 f/2.8G ile ya VR II, 50 f/1.8G, na 85 f/1.8D ya zamani niliyoachiwa na marehemu fundi aliyenifundisha kazi. Flashi ni SB-700 mbili. Ukumbini navaa kamera zote mbili, yenye 24-70 bega la kulia na yenye 70-200 bega la kushoto. Juzi nilipita kwa jirani anayeuza unga nikamwomba aniwekee begi langu kwenye mizani. Kilo 7.5, na hapo sijaweka chupa ya maji.

Tangu mwaka jana bega la kushoto linaniuma mpaka shingoni. Zamani nilikuwa nachua kwa mafuta, nalala, asubuhi limetulia. Sasa halitulii. Usiku vidole viwili vya mkono huo vinakufa ganzi, naamka kuvikung'uta. Mwezi uliopita bi harusi anaingia ukumbini, nikashindwa kuinyanyua kamera yenye 70-200 kwa wakati. Nilipofika usawa wa jicho ameshapita, picha ya mlangoni sikuipata. Mama yake hakusema kitu, lakini albamu aliipekua mara mbili akiitafuta, na mimi nimekaa mbele yake.

Mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, ananiambia DSLR (kamera zenye kioo ndani, kama hizi D750 zangu) zimekwisha, nihamie kamera zisizo na kioo. Yeye anataka Sony kwa kuwa vijana wenzake wanatumia hizo. Duka moja la Dar es Salaam nalo limenipa ofa: niwape D750 zote mbili, 50, 85 na flashi moja, niongeze shilingi milioni 3, wao wanipe Nikon Z5 moja iliyotumika, ambayo haina kioo, pamoja na adapta ya kufungia lenzi zangu, mimi nibaki na 24-70 na 70-200. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Fedha hiyo ninayo, ila ni ada ya shule ya mwaka ujao.

Naogopa kuuza halafu nijute. Naogopa pia wateja wakiona kamera ndogo watasema nimeshuka. Lakini bega haliwezi tena. Nifanyeje?

Mama Picha, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na vidole, kamera zitafuata. Ganzi inayomwamsha mtu usiku si uchovu wa kazi. Huenda kuna mshipa wa fahamu unaobanwa, na kama ni shingoni, begani au kwenye kifundo cha mkono, wa kukuambia ni daktari aliyekushika mkono na kukupima. Mimi siwezi, na mwenye duka hawezi. Nenda wiki hii. Mweleze unabeba nini, upande gani, saa ngapi kwa siku. Mwombe msaidizi wako akupige picha umevaa kamera zote mbili, ukamwonyeshe. Nakazania jambo hili kwa sababu mimi kiwiko changu nilikichua kwa mafuta miaka minne, na leo siwezi kuinua ndoo ya maji kwa mkono wa kulia. Mafuta yalikuwa yananituliza, basi nikadhani yananiponya.

Ofa ya duka, jibu langu ni hapana. Na sababu nitakuonyesha kwa mizani ileile ya unga.

D750 ikiwa na betri na kadi ina gramu 840. Lenzi yako ya 70-200 ina gramu 1,540. Jumla 2,380, hizo ndizo zinazoning'inia bega la kushoto. Z5 ikiwa na betri na kadi ni gramu 675, na kijana wako atasema umeona, 165 zimeondoka. Lakini 70-200 yako haiingii kwenye mdomo wa Z5, pale lenzi inapofungwa. Lazima ipitie kwenye adapta, na FTZ II ya Nikon ina gramu 125. Jumlisha: 675, 125 na 1,540 ni 2,340. Umepunguza gramu 40. Yai la kuku lina uzito zaidi ya hapo. Na kwa hizo gramu 40 ungekuwa umetoa kamera mbili, lenzi mbili, flashi na ada ya mtoto, na ukabaki na bodi moja tu, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya kuingia nayo harusini. Mpiga picha wa harusi mwenye bodi moja, siku ikizima, anakuwa mgeni mwalikwa kama wengine.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa hiyo nivumilie kidogo. Kwenye DSLR kuna kioo kilichosimama kati ya lenzi na sensa, kile kibao kinachopokea picha, nacho lazima kipate nafasi ya kuruka juu kila unapobonyeza. Ndiyo maana mdomo wa Nikon ulioanza mwaka 1959, ambao D750 yako bado unao, unakaa milimita 46.5 mbele ya sensa. Ukikiondoa kioo, bodi inaweza kuwa nyembamba. Mdomo wa Z umesogea mpaka milimita 16. Adapta ni kipande cha bomba kinachozirudisha zile milimita 30.5 zilizokatwa, pamoja na nyaya za mawasiliano. Ndani yake hamna kioo chochote.

Kwa hiyo kilichopungua ni bodi. Lenzi ni habari nyingine. Gawa 200 kwa 2.8 utapata 71. Lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8 inahitaji tundu la mwanga la upana wa milimita 71 hivi, na kioo kizito cha kulijaza, iwe imefungwa kwenye kamera ya aina gani. Nikon wenyewe walipoitengeneza upya 70-200 f/2.8 kwa ajili ya Z, ilitoka na gramu 1,360, tena ukiwa umeuvua mguu wake wa stendi. Uzito unaokuumiza, mwanangu, umekaa kwenye lenzi. Wao wanataka kukubadilishia bodi na kukuachia lenzi mbili zilezile nzito kuliko zote ulizo nazo.

Sasa itoe ile 85 ya marehemu fundi wako.

Ina gramu 380. Ifunge kwenye D750 ya bega la kushoto: 1,220 badala ya 2,380. Umetua gramu 1,160 bila kutoa senti. Tena kwa f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, na ukumbini jioni mwanga ndio kitu unachokililia. Utakachopoteza ni umbali. Lakini fikiria kazi yako ilivyo. Kwenye singo na kupamba wewe umo ndani pamoja nao, unagusana mabega na mashangazi. Hatua tatu mbele na 85 imekufikisha. Anayehitaji 200 ni aliyezuiwa kusogea, na wewe hilo linakupata kanisani tu. Huko 70-200 mpe kijana wako aishike yeye, juu ya stendi ya mguu mmoja, akae pembeni apige za mbali. Ana mabega ya umri wake na anataka kujifunza kazi.

Na hiyo 85 ndiyo duka limeiomba kama nyongeza! Nilipofika hapo kwenye barua yako niliiweka chini. Lenzi zenye herufi D hazina mota ndani. Hushika fokasi kwa kuzungushwa na skrubu ndogo inayotoka kwenye bodi, na D750 ina mota ya kuizungusha skrubu hiyo. FTZ haina, wala FTZ II. Ukiipeleka 85 yako kwenye Z5 itafunga vizuri, itapima mwanga, lakini fokasi utazungusha kwa vidole, na bi harusi anayecheza hakungoji. Kwa hiyo lenzi inayoweza kukutua mzigo leo ndiyo ile isiyovuka vizuri kwenda upande wa pili. Hiyo peke yake ni sababu ya kutouza D750 zote.

Anza na hilo Jumamosi hii: D750 na 24-70 bega moja, D750 na 85 bega la pili, 70-200 ibaki nyumbani. Na mikanda ile myembamba iliyokuja na kamera iondoe. Tafuta ule mkanda wa mabega mawili unaopita mgongoni kama wa begi la shule, kamera zikaning'inia usawa wa nyonga. Usipoupata, mchoree fundi viatu mzuri akushonee kwa ngozi pana, ila vishikizo viwe vya chuma, na uvijaribu nyumbani juu ya godoro kabla ya kuvipeleka ukumbini.

Je, kijana anakosea? Hapana, hilo lazima nimpe haki yake. Panasonic walifungua njia na Lumix G1 mwaka 2008, Sony wakaleta A7 yenye sensa kubwa mwaka 2013, Nikon wakajiunga na Z6 na Z7 mwaka 2018. Tangu D780 na D6 za mwaka 2020, Nikon hawajatoa DSLR nyingine. D750 yako ni muundo wa 2014, na shata yake, lile pazia linalofunguka na kufunga kila unapopiga, ilijaribiwa kiwandani kwa picha 150,000. Kwa mwendo wa harusi zako, ile ya 2015 sidhani kama iko mbali na hapo. Itaendelea kupiga hata ikipita, lakini siku moja itakufa, na vipuri havitazidi kuwa rahisi. Kuhama utahama. Ninachokataa ni kuhama kwa kalenda ya muuza duka.

Akisema Sony, mwambie akinunua ya kwake achague anayotaka. Wewe una betri, kadi, flashi na mazoea ya vidole ya miaka 16 kwenye Nikon. Betri zako za EN-EL15 zinaingia kwenye Z5, kadi zako za SD zinaingia, tena Z5 ina nafasi mbili za kadi kama D750, jambo ambalo kwa harusi silifanyii mzaha. Menyu utazitambua. Kuhamia Sony ni kuhama nyumba na kuacha vyombo vyote.

Ningependa ufike hapa. Bodi moja ya Z5, na juu yake lenzi iliyozaliwa kwa mdomo wa Z: 28-75 f/2.8, gramu 565. Jumla 1,240. Bega la pili ibaki D750 moja na 85 yako, 1,220. Mabegani una gramu 2,460. Leo unavaa 4,120. Hiyo ni zaidi ya kilo moja na nusu umeitua, na adapta huihitaji kabisa. Siku za mbele ukiihitaji tena lenzi ndefu, ipo 70-180 f/2.8 ya Z ya mwaka 2023, gramu 795, karibu nusu ya ile uliyo nayo. Wameifupisha kidogo na kuitoa mtambo wa kutuliza mtikisiko, lakini Z5 ina utulizaji ndani ya bodi. Ukipata uwezo wa kufika kwenye Z5II ya mwaka 2025 badala ya Z5, fika. Inaongeza gramu 25 tu, na sababu ya kuipendelea nakuja kuieleza sasa hivi.

Fedha itoke kwenye vifaa vyenyewe. Ada ya shule usiiguse. Uza kwanza D750 moja, ile iliyopiga picha nyingi zaidi, halafu 24-70 ukishapata 28-75 mkononi. 70-200 iache iwe ya mwisho, baada ya misimu miwili ya kuona kama kanisani unaweza kuishi bila yake. Uza kimoja kimoja kwa wapiga picha wenzako. Duka linalochukua furushi zima lazima likupunje, maana nalo linataka faida juu ya kila kipande. Na ofa yenye tarehe ya mwisho ikipita, kuna nyingine itakuja.

Hiyo Z5 usiingie nayo ukumbini wiki uliyoinunua. Mwaka 2019 mimi niliuza vifaa vyangu vyote vya zamani Jumatatu, Jumamosi nikaenda kupiga harusi na kamera mpya isiyo na kioo. Mchana ilinifurahisha kama mtoto. Jioni wakazima taa za ukumbi bi harusi aingie, zikabaki zile za rangi zinazozunguka, na kamera ikaanza kutafuta fokasi mbele na nyuma, mbele na nyuma. Nilibonyeza, haikupiga. Picha ya mlangoni sikuipata, kama wewe, na niliwarudishia sehemu ya fedha yao. Kwa hiyo ninajua jinsi ulivyokaa mbele ya yule mama.

Sababu yake niliielewa baadaye. Ukiwa na SB-700 juu ya D750 gizani, flashi humrushia mtu mwanga mwekundu wenye mistari, na kamera hushika fokasi kwa huo. Juu ya Z5 mwanga ule mwekundu hauwaki. Kamera inategemea kitaa kidogo kilichoko kwenye bodi yake, nacho hakifiki mbali. Tena kwa makaratasi yao, D750 inashika fokasi mpaka EV -3 (EV ni kipimo cha mwanga, kadiri namba inavyoshuka ndivyo giza linavyozidi), na Z5 mpaka -2, au -3.5 ukiiwekea mpangilio wa mwanga hafifu ambao ni wa polepole. Z5II wameishusha mpaka -10, ndiyo maana nikasema ukiweza fika huko. Usipoweza, dawa ipo: picha ya mlangoni ipige na D750 na 85, wewe mwenyewe unazijua. Na kabla ya shughuli zungumza na mshereheshaji na mwenye taa, waache taa moja nyeupe inayoangalia mlango kwa dakika ile moja. Mimi sasa ndilo jambo la kwanza ninaloomba nikifika ukumbini, hata kabla ya kuuliza chakula kiko wapi.

Betri nazo zitakushtua. D750 kwa kipimo cha kiwandani ni picha 1,230 kwa betri moja. Z5 ukichungulia kwenye kidirisha ni 390. Kwa kubonyeza mfululizo kama tunavyofanya harusini utapata zaidi, lakini kile kidirisha ni runinga ndogo inayowaka muda wote, na inakula hata usipopiga. Harusi ya kutwa weka betri nne, na zile zilizochoka tangu 2015 usizihesabu.

Faida yenyewe ni hicho kidirisha. Unaiona picha ilivyo kabla hujabonyeza. Shela jeupe likiungua kwa mwanga mwingi unaliona linaungua. Na kamera inalitafuta jicho la mtu yenyewe na kuling'ang'ania, kitu ambacho D750 haina. Shela likishuka usoni usiitegemee sana, rudi kwenye nukta moja ya fokasi kama ulivyofundishwa. Ukifunga triga ya flashi ya kampuni nyingine halafu kidirisha kikawa cheusi, usidhani kamera imekufa: kwenye menyu kuna mpangilio unaoiambia kamera ionyeshe matokeo ya mipangilio yako kwenye kidirisha, uzime huo.

Kupiga kimya kabisa utakupenda kwenye akdi na wakati wa viapo kanisani. Lakini ukiweka mpangilio huo wa kimya, flashi haiwaki, na chini ya taa za LED picha zinaweza kutoka na mistari ya giza iliyolala. Piga mbili tatu, zikuze kwenye skrini uzikague, ndipo uendelee.

Kuna na vumbi. Ukivua lenzi kwenye D750, kioo na shata vinaikinga sensa. Kwenye Z5 ukivua lenzi sensa iko wazi inakutazama. Hapo Tanga una upepo wa bahari wenye chumvi na vumbi la barabarani, kwa hiyo usibadilishe lenzi nje, na ukibadilisha mdomo wa kamera uangalie chini. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda bodi mbili zenye lenzi moja moja: hubadilishi kabisa. Kamera mbili za vizazi tofauti zitakupa rangi ya ngozi isiyofanana. Piga RAW (faili ghafi, zisizosindikwa na kamera) zote mbili, uweke kipimo kimoja cha rangi kwa mkono, na saa za kamera ziende sawa mpaka sekunde, usije ukakesha kuzipanga.

Ukiweza kupanga, inunue kabla ya Ramadhani. Mwezi ule harusi zimesimama. Piga futari ya nyumbani kwako, piga watoto wakicheza barazani jua likizama, piga jikoni kukiwa na taa moja. Vidole vijifunze vitufe vipya bila bi harusi wa mtu kusimama mbele yako. Baada ya Idi msongo unaujua mwenyewe.

Kuhusu wateja kuona kamera ndogo: wapo watakaosema neno, siku ya kwanza. Wanaokuita kwenye kesha la binti yao hawakuchagui kwa ukubwa wa lenzi. Umesema mwenyewe mali yako ni nini.

Ukija Dar kuitazama Z5 yoyote, usije mikono mitupu. Njoo na SB-700 yako, betri yako na kadi yako mwenyewe. Ukienda kwa wanaouza na adapta, njoo na 24-70 pia uone kama inashika fokasi kwa haraka, kwa sababu adapta nyingi za bei chee ni bomba tupu lisilo na nyaya. Waombe wakuonyeshe imeshapiga picha ngapi. Halafu uwaombe wazime taa za dukani, umsimamishe kijana wako nyuma kabisa, akiwa amevaa shati jeusi, umpige picha ishirini. Kadi uondoke nayo. Ukazitazame nyumbani kwenye kompyuta yako, mlango umefungwa, hakuna anayekuharakisha, ndipo uwapigie simu kuwajibu.

Mzee Lenzi